Kumtunza Paka Mwenye Kisukari Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mara nyingi kisukari cha paka hujitokeza kwanza kwenye sanduku la mchanga. Mabonge ya mchanga uliolowa mkojo huongezeka ukubwa na idadi, bakuli la maji lililokuwa likitosha siku nzima huisha kabla ya jioni, na paka anayekula kwa pupa kana kwamba hajashiba tangu azaliwe anaendelea kukonda hadi pingili za uti wa mgongo zinahisika kila unapompapasa. Wengine huanza kutembea kwa kulalia visigino vya miguu ya nyuma, ilhali paka mzima hutembea kwa vidole. Hiyo ni alama kwamba sukari iliyozidi kwa muda mrefu imekwisha kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu. Mwenye kuona dalili hizi, hata mbili tu kati yake, ampeleke paka kwa daktari wa mifugo ndani ya siku hizohizo.

Huko kwa daktari kuna jambo moja ambalo mwenye paka anapaswa kulifahamu. Paka akiogopa, sukari yake hupanda yenyewe, wakati mwingine hadi kiwango kinachofanana kabisa na cha mgonjwa, na hakuna paka asiyeogopa akiwa juu ya meza ya daktari. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Daktari makini atapima pia mkojo, na mara nyingi ataagiza kipimo cha fruktosamini, ambayo ni protini ya damu iliyoshikamana na sukari na inayoonyesha hali ilivyokuwa kwa wiki moja hadi tatu zilizopita, hofu ya siku ile isiweze kuibadilisha. Mweleze pia dawa zote ambazo paka amepewa karibuni. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo hutolewa sana kwa ajili ya muwasho wa ngozi na pumu, zinaweza kuamsha kisukari kwa paka aliyekuwa na mwelekeo wa ugonjwa huo.

Kwa paka walio wengi, kisukari hufanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu: kongosho bado inatoa kidogo insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, lakini mwili hauiitikii ipasavyo, hasa mwili ulionenepa. Madume waliohasiwa, wenye umri wa makamo na kuendelea, wanene na wasiotoka ndani, ndio wanaopatwa zaidi. Katika kufanana huko kuna tumaini, kwa kuwa kongosho iliyochoka inaweza kupumzika na kurudia kazi yake, na nitalirudia jambo hilo mwishoni.

Kabla ya hatua yoyote, kuna kanuni moja ninayoomba ishikwe kuliko nyingine zote. Sukari iliyopanda humdhuru paka kwa majuma na miezi. Sukari iliyoshuka mno inaweza kumuua kwa saa chache. Mlezi mwenye upendo na haraka, anayeongeza dozi kila anapoona namba kubwa, ni hatari kuliko yule anayekwenda taratibu na kuandika kila kitu.

Vifaa, na kosa la bomba

Andaa insulini aliyoagiza daktari, mabomba yake ya sindano, mashine ya kupima sukari pamoja na stripu zake, mizani inayoweza kuonyesha gramu, daftari, chombo kigumu chenye kifuniko cha kutupia sindano zilizotumika, na chupa ya asali au sharubati nzito ya sukari inayokaa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.

Bomba la sindano linahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo watu waangalifu hukosea. Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti. Iliyoandikwa U-40 ina yuniti 40 katika kila mililita, na iliyoandikwa U-100 ina yuniti 100 katika mililita hiyohiyo. Insulini kadhaa za wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, ni U-40. Insulini za binadamu ambazo madaktari wa mifugo huwapa paka, kama glajini ya kawaida, ni U-100. Kila aina ina bomba lake lenye mistari iliyopimwa kwa nguvu hiyo. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi kwenye mstari wa yuniti moja, utakuwa umevuta yuniti mbili na nusu, na kwa paka wa kilo nne au tano tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya uhai na kifo. Ukifanya kinyume chake, paka atapata chini ya nusu ya dozi, nawe utashangaa kwa nini hapati nafuu. Basi soma kichupa, soma bomba, hakikisha namba zinalingana, na urudie ukaguzi huo kila unaponunua vifaa vipya hata kama muuzaji ni yuleyule. Chagua mabomba madogo ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti ikiwa yanapatikana, kwa sababu dozi ya paka ni ndogo mno: wengi huanzishwa kwa yuniti moja, mara mbili kwa siku.

Insulini ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, mbali na sehemu inayogandisha. Iliyowahi kuganda itupwe hata kama inaonekana nzima baada ya kuyeyuka. Kuhusu kuichanganya kabla ya kuvuta, fuata karatasi iliyomo kwenye boksi, kwa maana aina hazifanani. Nyingine hutikiswa hadi kimiminika kiwe cheupe sawasawa kama maziwa, nyingine huviringishwa polepole kati ya viganja, na glajini ambayo ni angavu kama maji haihitaji kuchanganywa. Glajini ikionekana na ukungu au chembechembe imeharibika. Andika juu ya kichupa tarehe uliyokifungua.

Kuchoma sindano

Sindano nyingi za paka hutolewa mara mbili kwa siku, zikiachana kwa saa 12. Chagua saa ambazo utaziweza kila siku, zikiwemo siku za mapumziko. Kuchelewa au kuwahi kwa muda mfupi mara mojamoja hakuharibu matibabu, lakini ratiba inayoyumba kila siku huyafanya matokeo yasomeke vibaya.

Mpe paka chakula kwanza na uhakikishe anakula. Akiwa ameinamia bakuli, kaa pembeni yake upande wa mkono unaotumia. Shika ngozi ya ubavuni, nyuma kidogo ya bega au karibu na tumbo, uinyanyue kwa kidole gumba na vidole viwili mpaka ijitenge na nyama iliyo chini, ikawa kama hema dogo lenye bonde upande unaokutazama. Ingiza sindano katika bonde hilo, ikielekea sambamba na mwili, sukuma hadi mwisho, toa, kisha achia ngozi. Paka wengi hawainui hata kichwa. Ngozi ya shingoni huvutia kwa kuwa ni legevu, lakini damu haipiti kwa wingi pale na dawa inaweza kunyonywa kwa kusuasua. Ubavu ni bora, mradi ubadilishe upande na sehemu kila mara.

Baada ya kuchoma, pitisha kidole mahali pale. Manyoya yakiwa yamelowa na yana harufu ya dawa, huenda sindano ilitokea upande wa pili au ilitoka mapema. Hapo usirudie dozi. Hujui kiasi gani kimeingia, na dozi iliyopungua leo haina madhara makubwa kama dozi iliyojirudia. Vivyo hivyo, ukisahau sindano kabisa, usijumlishe mbili katika zamu inayofuata.

Paka akikataa chakula au akitapika, usichome kwa mazoea. Mwombe daktari mapema, siku ileile anayokupa dawa, akuandikie mambo mawili kwenye karatasi: ufanye nini paka asipokula, na ni namba ipi ya sukari ambayo ukiikuta kabla ya sindano usichome hata kidogo bila kumpigia simu. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni mwa friji.

Na kando yake ibandikwe jedwali la tarehe, saa, dozi na sahihi ya aliyechoma. Nasema hivi kwa uchungu. Katika mwezi wa kwanza wa kumtibu paka wetu nilimchoma alfajiri nikatoka, na mwenzangu, aliyeamka baadaye na kumkuta amekaa mbele ya bakuli tupu akilia, alidhani bado hajahudumiwa, akamlisha na kumchoma tena. Tuligundua tulipopigiana simu. Paka alikuwa amejificha nyuma ya kochi, amelala ubavu, mboni zimepanuka, na miguu ya mbele ikitetemeka kama inayotaka kutembea. Alipona, baada ya asali kwenye ufizi na siku nzima kwa daktari. Tangu hapo hakuna kichupa kilichofunguliwa nyumbani kwetu kabla ya jedwali kusomwa, na aliyechoma huandika palepale, bomba likiwa bado mkononi.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Ini lake halina uwezo mkubwa wa kushughulikia sukari inayoingia kwa wingi kwa mkupuo, kwa hiyo chakula chenye wanga mwingi humpandisha sukari na kuilazimisha kongosho kufanya kazi isiyoiweza. Chakula kinachofaa ni chenye protini nyingi na wanga kidogo sana, na kwa kawaida chakula laini cha kopo hukidhi sharti hilo kuliko kikavu, kwa kuwa tembe za chakula kikavu hutengenezwa kwa msaada wa wanga. Daktari anaweza kupendekeza chakula maalumu cha kisukari. Paka mwenye ugonjwa mwingine pamoja na kisukari, hasa wa figo, anahitaji mpango wake mwenyewe.

Hapa pana mtego. Mlezi anaposoma kwamba wanga ndio tatizo, hubadilisha chakula siku hiyohiyo huku dozi ikibaki ileile. Wanga ukipungua, hitaji la insulini linaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sahihi juzi ikawa kubwa mno leo. Badilisha chakula polepole, kwa muda wa wiki moja au zaidi, daktari akijua, na upime sukari mara nyingi zaidi katika kipindi hicho.

Paka mnene apunguzwe uzito, nako kuwe kwa kiasi: nusu asilimia hadi asilimia moja ya uzito wake kwa wiki ni mwendo mzuri. Asifungiwe chakula kamwe. Paka mnene anayekaa siku kadhaa bila kula huweza kujaza mafuta kwenye ini na kuugua ugonjwa ulio mkali kuliko ule tunaotaka kuutibu. Mpime kila wiki kwa mizani ileile na uandike.

Kupima sukari nyumbani

Naamini hakuna hatua inayobadilisha maisha ya paka mwenye kisukari kama hii, kwa sababu namba ya nyumbani haina hofu ya kliniki ndani yake. Tone la damu huchukuliwa kwenye ukingo wa sikio. Pasha sikio joto kwanza kwa kulishika viganjani au kwa kitambaa kikavu kilichopashwa kidogo, mpaka liwe na joto dhahiri. Lielekeze kwenye mwanga nawe utaona mshipa mwembamba ukipita kandokando ya ukingo; usiutoboe wenyewe, toboa katika nafasi ndogo kati yake na ukingo. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio ili usijichome kidole. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha. Gusisha stripu, subiri namba, kisha kandamiza sikio kwa pamba kavu hadi damu ikate, na umpe paka kipande kidogo cha nyama tupu anayoipenda. Siku za mwanzo utatoboa mara mbili au tatu bila kupata kitu na mikono itatetemeka. Baada ya wiki mbili, paka wengi huja wenyewe wanaposikia boksi la mashine likifunguliwa, kwa kuwa wanajua nyama inafuata.

Mashine zilizosanifiwa kwa wanyama, kama AlphaTrak, ndizo zinazoaminika zaidi, kwani sukari haigawanyiki kati ya chembe za damu na majimaji yake kwa namna moja kwa paka na kwa binadamu. Mashine ya binadamu hutumika pia, lakini aghalabu husoma chini ya kiwango halisi. Daktari ajue unatumia ipi, na usichanganye mbili. Ukiona namba kwa milimoli kwa lita, zidisha kwa 18 upate miligramu kwa desilita.

Pima kabla ya kila sindano. Kisha, kwa vipindi atakavyopanga daktari, tengeneza mchoro wa siku: pima kabla ya kuchoma na baadaye kila saa mbili hadi zamu inayofuata. Mchoro huo hujibu maswali matatu, yaani kama insulini inashusha sukari, inaishusha hadi wapi, na inadumu kwa saa ngapi. Namba muhimu kuliko zote ni ya chini kabisa. Madaktari wengi hupenda iangukie kati ya milimoli 4.5 na 8 hivi, yaani takriban miligramu 80 hadi 145. Kwa paka asiyetoboleka, daktari anaweza kubandika kihisi mwilini, kama FreeStyle Libre, kinachosoma sukari mfululizo kwa muda wa hadi siku 14, ingawa mara nyingi hubanduka mapema.

Stripu za mkojo zina kazi yake, hasa katika kutafuta ketoni, yaani asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta insulini isipotosha, lakini zisitumike kupanga dozi. Sukari huanza kutoka kwenye mkojo wa paka ikiwa imeshapita milimoli 14 hivi kwenye damu, kwa hiyo mkojo usio na sukari unaweza kuwa wa paka aliyedhibitiwa vizuri, au wa paka anayekaribia kuanguka.

Dozi ibadilishwe na daktari, kwa hatua ndogo za nusu yuniti hadi yuniti moja, na baada ya kusubiri siku tano hadi saba, kwa sababu mwili huchukua muda kuizoea insulini. Namba moja mbaya si sababu ya kuongeza. Ikiwa dozi inazidi kupanda na sukari haishuki, daktari atafute kinachoipinga insulini: meno yaliyooza, maambukizi ya njia ya mkojo, uvimbe wa kongosho, au homoni ya ukuaji iliyozidi, ambayo kwa paka si jambo la nadra kama lilivyodhaniwa zamani.

Saa za hatari

Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.3 (miligramu 60), chukulia kuwa ni dharura hata kama paka anaonekana mzima, maana wengine hawaonyeshi dalili mapema. Dalili zenyewe ni njaa ya ghafla, unyonge, kuyumba, kutetemeka, kutazama bila kuona, na hatimaye degedege na kuzimia. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akikataa au akiwa ameishiwa nguvu, mpake asali au sharubati kwenye ufizi kidogokidogo, kiasi cha kijiko cha chai kwa jumla. Usimmiminie kitu mdomoni akiwa amezimia au ana degedege, kwa kuwa kitaingia mapafuni, na usiingize vidole kati ya meno yake. Akizinduka, mlishe, pima tena kila baada ya robo saa, na umpeleke kwa daktari hata akionekana amepona, kwa kuwa insulini ileile bado inafanya kazi mwilini na inaweza kumwangusha tena. Usimchome zamu inayofuata bila maelekezo.

Hatari ya upande wa pili ni ketoni. Paka aliyekosa insulini ya kutosha, au aliyepatwa na ugonjwa mwingine, huanza kuchoma mafuta na kujaza asidi kwenye damu. Hukataa chakula, hutapika, hulala kwa unyonge, huishiwa maji, na pumzi yake huweza kuwa na harufu tamu kama ya kiondoa rangi ya kucha. Haya hayatibiki nyumbani. Ni safari ya hospitali saa ileile.

Wapo watakaopewa dawa ya kumeza badala ya sindano. Beksagliflozini iliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2022, na velagliflozini mwaka 2023, kwa paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini. Huondoa sukari kwa njia ya mkojo, na kwa paka anayefaa ni faraja kubwa. Lakini paka anayezitumia anaweza kujaa ketoni huku sukari yake ikisomeka karibu na kawaida, kwa hiyo mlezi wake asitulizwe na namba: paka asiyekula au mnyonge apimwe ketoni siku hiyohiyo.

Sukari inapotulia bila dawa

Paka aliyedhibitiwa vizuri mapema, hasa katika miezi ya mwanzo, anaweza kufika mahali ambapo hahitaji tena insulini. Dalili ya kukaribia huko ni namba za kabla ya sindano kuanza kushuka zenyewe, wiki baada ya wiki, bila dozi kuongezwa. Mjulishe daktari upesi, kwa sababu kipindi hicho ndicho chenye hatari kubwa ya sukari kushuka mno, naye atapunguza dozi kidogokidogo hadi aisimamishe. Akikaa wiki nne bila insulini na namba zikawa za kawaida, huhesabiwa kuwa ugonjwa umetulia.

Umetulia, haujaondoka. Endelea na chakula kilekile chenye wanga kidogo, zuia unene usirudi, kataa steroidi isipokuwa daktari anajua historia yake na hana njia nyingine, na pima sukari mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, kisha angalau mara moja kwa mwezi. Mabonge ya sanduku la mchanga yakianza tena kuwa makubwa, au bakuli la maji likiisha kabla ya jioni, pima jioni hiyohiyo.